Habari za Taisto na Ufagio wa Mlango wa Pampu

Haya, mlioketi na mliosimama, mlioshiba na mnaosubiri sufuria, sogezeni viti na mpunguze kukohoa, kwa maana nawaletea habari za vita ambavyo havikumwaga damu ila kahawa, na kahawa yenyewe si nyingi, kikombe kimoja, tena kilichokwisha kupoa. Wengine watawasimulia wafalme waliovunja ngome. Mimi, ambaye kufuli la baiskeli yangu mwenyewe lilinishinda hata nikaenda kwa miguu kiangazi kizima, fungu langu nililoandikiwa ni kisanduku cha kijivu, ukubwa wake kipande cha sabuni, kilichofungwa kwa parafujo nne pembeni mwa mlango mmoja katika mji wa Pihtikoski, nchi ya Ufini, pamoja na mtu aliyekichagua. Mliokuja kutafuta panga na farasi, mlango ni ule pale, haukufungwa. Na huko kutofungwa kwa mlango ndiko hasa kisa chetu.

Alikuwapo, basi, katika idara ya maji ya mji huo, Taisto Rautapuro, mwana wa Eemeli, Bwana wa Funguo Mia na Arobaini, Mkwangua Barafu wa Ngazi za Mbele, Mfariji wa Mabomba Yaliyoganda, ambaye jina lake kwa lugha ya kwao maana yake ni pigano, ingawa tangu azaliwe hakupata kupigana na kiumbe chochote isipokuwa mashine ya kahawa ya ghorofa ya pili, nayo ikamshinda. Miaka thelathini na moja alizibeba funguo hizo kiunoni, na alipotembea alisikika kabla hajaonekana. Majengo yote ya idara yalikuwa chini ya ulinzi wake, na yeye, jioni akiwa peke yake, alipenda kulifikiria jambo hilo kwa maneno makubwa kama haya ninayoyatumia, kisha akajicheka mwenyewe, akaenda kumwaga takataka.

Nje ya mji, kilomita mbili kando ya mto, ndipo iliposimama nyumba ya pampu. Maji yote ya Pihtikoski, ya chai na ya kuogea na ya kubatizia watoto, hupita humo kwanza. Na mlinzi wake alikuwa Hilja Pesonpää, mwanamke wa miaka sitini na mbili, mchache wa maneno hata kwa watu wa kule, ambao hawajulikani kwa umbeya. Hilja alipotoka kwenda kula hakufunga mlango. Alichukua ufagio wake wa vijiti vya mbetula, mti wa kwao wenye gome jeupe, akauegemeza mlangoni, akaondoka.

Hayo hakuyabuni yeye. Ni desturi ya mababu wa nchi ile: mwenye nyumba akitoka, huegemeza ufagio mlangoni, na mgeni akiuona hujua hamna mtu, akageuka akaenda zake. Hapakuwa na kufuli wala mbwa. Na hakuna aliyewahi kuupita, kwa sababu kuiba ni dhambi na dhambi husameheka kanisani, lakini kuupita ufagio wa mtu ni utovu wa adabu, na utovu wa adabu mji mdogo hausahau hata kizazi cha tatu.

Sasa sikilizeni aibu ya shujaa wetu, maana hakuna shujaa asiye na aibu, na ya huyu ilikuwa na waya mbili na taa nyekundu. Majira matatu ya baridi kabla ya vita hivi, Taisto mwenyewe, kwa mkono wake na kwa ushauri wa karatasi yenye picha nzuri, alichagua visoma kadi vya kwanza vya idara, visanduku vya kumfungulia mlango mwenye kadi. Kile cha mlango wa pampu walikizindua kwa keki. Picha zikapigwa. Taisto akamwambia Hilja auondoe ule ufagio, kwamba ni aibu mbele ya wageni, siku hizi tuna teknolojia. Hilja akakitazama kisanduku, akasema, "Hakitamaliza mwaka." Wala hakuuondoa ufagio.

Basi kiwanda kilichokitengeneza kikafungwa, wenyewe wakatoweka, na chombo kikabaki yatima, hakuna wa kukirekebisha wala wa kukiuliza. Kikaanza kusahau. Mwishoni kikawa kinamfungulia mtu yeyote mwenye kadi yoyote: mkaguzi aliyetumwa kupima usalama alifungua mlango wa maji ya mji mzima kwa kadi yake ya maktaba. Aliufungua, lakini hakuingia. Katika ripoti yake aliandika kwamba ufagio ulikuwa umeegemezwa, naye hakuona vema kuupita. Tangu siku hiyo Taisto alikuwa mtu aliyeumwa na nyoka, akiona ung'ongo hushtuka.

Ndipo ikashuka sheria. Ilishuka kutoka Ulaya yote, ikapita bungeni Helsinki, ikafika Pihtikoski ndani ya bahasha, nayo ilikuwa sheria ya usalama wa mitandao, na ilisema hivi kwa ufupi, maana kwa urefu wake sitaki kuwapoteza: wanaowapa watu maji wajue kila chombo wanachokitia mlangoni kimetoka kwa nani, kinazungumza na nani, nani atakiziba tundu likionekana, na wakubwa wa idara ndio watakaojibu wenyewe, si fundi wala karani. Zamani mtu alinunua kisoma kadi kama anavyonunua kitasa. Sasa kitasa kilikuwa na ulimi, na sheria ilitaka kujua kinasema nini na watu gani.

Mkurugenzi wa idara, Annukka Sillantie, ambaye hata wafagiaji humwita Annukka tu, kwa kuwa watu wale vyeo huvitundika pamoja na makoti, alimwita Taisto akamwambia neno lenyewe bila kuzunguka. Bodi ingekaa Alhamisi ya pili ya Februari, saa tatu asubuhi. Siku hiyo kichaguliwe chombo kipya cha mlango wa pampu, kwa jedwali na kwa alama, kama sheria inavyotaka. Kisipochaguliwa, kazi yote ya milango ingekabidhiwa kampuni moja ya mji mkuu, na Taisto angezirudisha funguo.

"Zote?" akauliza Taisto.

"Ufunguo wa ghala la majembe ya theluji utabaki nao," akasema Annukka, na kwa haki yake lazima isemwe kwamba hakufurahi kulisema.

Mtu mwingine angetukana. Taisto alirudi ofisini kwake, akazivua funguo kiunoni, akaziweka mezani, akazitazama. Mia na arobaini. Alijua habari za kila mmoja. Akajiambia kwamba mtu wa miaka hamsini na minane anayelia kwa sababu ya vyuma ni mjinga, akapenga kamasi, akaanza kazi.

Kwanza alitunga maswali, matano, kila moja alama kumi. Nani amekitengeneza, na akitafutwa anapatikana? Ataleta masasisho ya kuziba udhaifu wake mpaka mwaka gani, kwa maandishi? Kinazungumza na nani huko nje, na maneno yake yamefumbwa, mwizi asiyaelewe? Nani anaweza kukiingilia kutoka mbali? Na je, kinaweka kumbukumbu ya aliyeingia? Chini ya hayo, kwa kuwa sheria ilitaka, pakawa na nafasi moja isiyo na alama: jina la mwenye dhamana ya kukitunza.

Kisha akawaita wauzaji, nao wakaja. Wa kwanza na aliyeng'aa kuliko wote alikuwa Jyri Falenius, Mwenye Viatu Visivyo na Tope Hata Wakati wa Theluji Kuyeyuka, Simba wa Maonyesho ya Biashara, aliyetoa mkobani kioo cheusi, chembamba, kizuri ajabu. Alieleza kwamba hakihitaji kadi wala ufunguo. Ukisimama mbele yake kinakujua kwa sura, na ukiwa likizoni ufukweni waweza kumfungulia fundi kwa simu yako. Taisto alikipenda. Lazima niseme kweli, alikipenda kama alivyokipenda kile cha kwanza, na kwa sababu hiyo hiyo akaogopa. Akakumbuka maswali yake.

"Kikiisha kuiona sura yangu, kinaipeleka wapi?"

"Kwenye wingu, mzee wangu. Usiwe na wasiwasi."

"Wingu la nani?"

"La kampuni."

"Na kampuni iko wapi?"

"Ah, hayo sasa ni mambo ya kitaalamu," akasema Jyri, akakifuta kioo kwa kitambaa. "Iko sehemu mbalimbali."

"Tuseme kimeonekana kina tundu. Nani atakuja kuliziba, na mpaka lini?"

Jyri akacheka kirafiki. Akasema kwamba mzee anauliza kama anamwoza binti yake. Taisto akajibu kwamba binti alikwisha kumwoza, na mkwe hakuulizwa nusu ya haya, na ndiyo maana sasa anauliza. Katika jedwali kioo cheusi kikapata alama kumi na tisa, moja kati ya hizo ya huruma.

Wakapita na wengine ambao sitawataja, na wa mwisho hakuja hata yeye, alituma kisanduku kwa posta. Kilikuwa cha kijivu. Hakikuwa na kioo. Kilitengenezwa Lamminsalo, mji wa jirani, na mtu ukitaka unaweza kwenda kugonga mlango wa kiwanda. Karatasi yake ilisema kwa maneno makavu kwamba masasisho yatatoka hadi mwaka elfu mbili na thelathini na sita, kwamba chombo kinazungumza na kompyuta moja tu iliyo ghalani mwa idara, kwa maneno yaliyofumbwa, na kwamba hakiwezi kufungua kwa simu, samahani. Taisto alikipa thelathini na nane. Akakitazama tena. Hakikumtia hamu yoyote, nacho kikamtazama vilevile.

Sasa tunafika penye kosa, nami nawaomba msimcheke sana, kwa maana mimi mwandishi nimewahi kuipeleka barua ya mapenzi ofisi ya kodi. Siku ya kwanza ya kutunga jedwali, akitaka kulijaribu kama linajumlisha sawasawa, Taisto alihitaji chombo cha mfano. Akaandika kwa mzaha, akicheka peke yake hata kahawa ikampanda puani: *Ufagio*. Mtengenezaji, Hilja Pesonpää, anapatikana, kumi. Masasisho, hufungwa upya kila vuli kwa vijiti vipya, kumi. Huzungumza na nani, hakuna, kumi. Kuingiliwa kutoka mbali, haiwezekani, kumi. Kumbukumbu ya aliyeingia, nyayo juu ya theluji, lakini majira ya baridi tu, tatu. Jumla arobaini na tatu. Mwenye dhamana, Hilja. Jedwali likajumlisha sawa, Taisto akaridhika, akaendelea na vile vingine. Na ile safu hakuifuta.

Hati zikatumwa kwa wajumbe siku saba kabla ya kikao, kama desturi yao, na watu wale hati wakitumiwa huzisoma.

Ikafika Alhamisi. Wakaketi wajumbe watano kuizunguka meza, mikate ya mdalasini katikati, kila mtu na kikombe chake, nje theluji imefika madirishani. Annukka akavaa miwani, akafungua shauri la tatu, akasoma kwa sauti ile ile anayosomea joto la maji. "Mlango wa nyumba ya pampu. Nafasi ya kwanza, kwa alama arobaini na tatu kati ya hamsini, ufagio. Mtengenezaji Hilja Pesonpää, Pihtikoski."

Hakuna aliyecheka. Hilo mlishike vizuri, kwa sababu kwingine kote duniani watu wangecheka, karatasi ingechanwa, na mimi ningekosa kisa. Mjumbe mmoja, mwalimu mstaafu wa hesabu, alisema amejumlisha upya nyumbani mara mbili na arobaini na tatu ni sahihi. Mwingine aliuliza kama nyayo zinahesabika kuwa data za watu binafsi. Taisto akaona funguo zake zikienda Helsinki ndani ya bahasha.

Mlango wa kutorokea ulikuwapo, na ulikuwa wazi. Angeweza kusema ni kompyuta. Kila mtu husema ni kompyuta. Lakini shujaa akapiga moyo konde, akasimama, jambo ambalo kule halifanywi vikaoni, na funguo zikalia, na wote wakanyanyua vichwa.

"Wajumbe," akasema, "mimi ni mtu wa kupasua barafu, hotuba siziwezi, na hii ndiyo ya kwanza na ya mwisho mtakayoisikia kutoka kwangu. Mkono ulioandika ufagio ni huu. Kompyuta sitaisingizia, maana kompyuta haina utani. Nilikuwa najaribu jedwali, nikacheka peke yangu kama mwehu, nikasahau kufuta. Majira matatu yaliyopita niliwaletea chombo kilichofunguka kwa kadi ya maktaba, na leo nimewaletea ufagio, kwa hiyo naona nazidi kuimarika. Lakini nimelisoma tena jedwali sasa hivi hapa mezani, na haya ndiyo yanayonitoa jasho: sikuona alama ya kupunguza. Tunajua nani kautengeneza. Hausemi na mtu. Na kila vuli kuna anayeushughulikia. Visanduku vyote nilivyoitiwa kuvitazama vilikuwa vinajaribu kuufikia ufagio wa Hilja, na havikufika."

Akaketi. Mwalimu wa hesabu akachukua mkate wa pili wa mdalasini.

Annukka akavua miwani. Alisema anamwelewa Taisto, na yeye binafsi anataka kucheka, lakini kama mwenyekiti wa kikao yuko mashakani. "Hati zilitumwa kwa wakati. Hakuna aliyepinga. Siwezi kumwondoa mshindani kwa sababu tu ni ufagio. Nitaandika sababu gani?"

Wakazitafuta kanuni, wakazipekua mbele na nyuma, na ikaonekana njia ya halali ni moja tu: mshindani ajitoe mwenyewe, kwa maandishi, au kwa simu mbele ya mashahidi. Basi wakaiweka simu katikati ya meza, kando ya mikate, wakamtafuta Hilja Pesonpää, Mfungaji wa Vijiti, Malkia wa Mto, Mkimya wa Wakimya. Ikalia mara nne.

"Nasikia," akasema Hilja.

Annukka akamweleza yote tangu mwanzo, taratibu, hata safu ya jedwali. Alipomaliza ulisikika mvumo wa pampu nyuma ya Hilja.

"Kwani nimeshinda?" akauliza Hilja.

"Umeshinda. Arobaini na tatu."

"Kati ya ngapi?"

"Hamsini."

"Zile saba zimepotelea wapi?"

Ikabidi Taisto ajibu. "Kiangazi, Hilja. Theluji hamna, kwa hiyo nyayo hamna."

Hilja akasema, "Hapo ni haki." Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo ukafuata. "Nitajitoa," akasema. "Ila mniambie kwanza. Hicho kingine mnachotaka kukileta, nani atakifunga upya kila vuli?"

Annukka akavaa miwani, akashuka kwa kidole mpaka mwisho wa jedwali, penye nafasi ya mwenye dhamana. Kwenye safu ya ufagio lilikuwapo jina. Kwenye safu ya kioo cheusi palikuwa tupu, na kwenye safu za wengine tupu, na kwenye safu ya kisanduku cha kijivu tupu. Akasema polepole kwamba chombo kisicho na mwenye dhamana bodi haiwezi kukipokea kabisa, sheria imekataa. Ufagio ukijitoa, hakutabaki kitu. Wote wakamtazama Taisto, naye akaitazama meza, kwa sababu ile nafasi hakuiacha tupu kwa kusahau.

"Kile cha kwanza mlikileta hapa," ikasema sauti ya Hilja, bila hasira. "Mkakata keki, mkapiga picha, mkaenda zenu. Kilipoanza kuumwa nilikuwa nacho mimi. Nilipiga simu ofisini mara sita. Kila mtu alisema si chake."

Moja ya simu hizo sita aliipokea Taisto. Aliikumbuka. Alikuwa amesema kwamba hilo ni suala la mtengenezaji, hali alijua kwamba mtengenezaji hayupo, kwa sababu alikuwa anaona haya. Alikuwa ameificha aibu yake chini ya zulia karibu miaka miwili, na mlango wa maji ya watu elfu nne umekaa wazi, unalindwa na vijiti. Ilimuuma.

Na sasa, enyi mlioniita mzushi mlipoona nakawia kufika vitani, hivi hapa vita. Taisto mwana wa Eemeli aliutoa mkono wake wa kuume, akaichukua kalamu ya idara, iliyotafunwa nyuma na mtu asiyejulikana, akaivuta karatasi kwake, na katika kuivuta akakipiga kikombe chake kwa kiwiko, na kahawa ikamwagika juu ya safu ya kioo cheusi, ikaizamisha pamoja na alama zake kumi na tisa. Hakupangusa. Aliandika kwenye safu ya kijivu, herufi kubwa, jina la baba na jina lake, na mwaka wa elfu mbili na thelathini na sita pembeni, ambao akifika atakuwa na miaka sitini na minane.

"Mimi," akasema. "Kila vuli. Na nikistaafu kabla, nitamwandika mtu na nitamwonyesha. Kile cha kwanza nacho kilikuwa changu, Hilja, nikakikana. Ulisema hakitamaliza mwaka. Ulisema kweli."

Pampu ikavuma.

"Kilikwenda miezi kumi na minne," akasema Hilja. "Nilikosea miwili." Na baada ya kitambo, "Basi najitoa." Simu ikakatwa, na mwalimu wa hesabu akashuhudia kwa saini.

Zikapita wiki mbili. Kisanduku cha kijivu kikafungwa asubuhi ya Alhamisi, kwa parafujo nne, na fundi akaondoka. Taisto akaenda peke yake, kwa kuwa safari hii alikataza keki na picha. Baridi ilikuwa nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri, ile inayokugandisha nywele za puani. Alisimama mbele ya mlango wa pampu saa tano na dakika kumi na mbili, akavua glavu moja, akatoa kadi, akaomba kimoyomoyo kwa yeyote anayesikiliza watunza majengo, akaigusisha.

Taa ikawaka kijani. Kufuli likalia ndani, tak. Na huko mjini, ghalani mwa idara, kompyuta moja tu duniani ilijua, kwa maneno yaliyofumbwa, kwamba Taisto Rautapuro amekubaliwa. Furaha ilimpanda hata akashika mkono wa mlango kama anayempa mtu pongezi.

Ndipo alipoinamisha macho. Ilikuwa Alhamisi, na Alhamisi nchi nzima hula supu ya njegere, na Hilja alikuwa amekwenda kula. Ufagio ulikuwa umeegemezwa mlangoni.

Alikuwa na kadi. Alikuwa na dhamana, kwa saini yake. Alikuwa na bodi nyuma yake, na bunge, na Ulaya yote na bahasha zake. Mlango ulikuwa umekwisha kumfungukia, angeuvuta tu. Akaachia mkono wa mlango. Kufuli likarudi, tak, na taa ikazima. Akavaa glavu, akarudi nyuma hatua mbili, akaanza kukanyagakanyaga theluji ili miguu isife ganzi, akijicheka kwa sauti, mtu mzima na funguo zake, amefungiwa nje na vijiti.

Hilja akatokea barabarani baada ya kushiba, akisukuma kigari chake cha kutelezea theluji. Akamwona mtu mlangoni, masharubu yamegeuka meupe kwa barafu. Akakitazama kisanduku.

"Kimekukataa?"

"Kimenikubali."

Hilja akautazama ufagio, kisha nyayo za Taisto, zilivyofika mlangoni, zikarudi hatua mbili, zikazunguka papo hapo mara nyingi sana. Alizisoma zote. Akauchukua ufagio, akauweka kando, akampisha yeye atangulie.

Katika rejista ya vifaa vya idara, ambayo sheria inataka itaje kila kinachoulinda mlango, leo kuna safu mbili. Ya kwanza ni kisanduku cha kijivu, mwenye dhamana Taisto, masasisho mpaka mwaka elfu mbili na thelathini na sita. Ya pili, aliiandika Taisto mwenyewe, na safari hii hakucheka: ufagio, akiba, mwenye dhamana Hilja, mwisho wake haukuwekwa. Mkaguzi alipokuja aliisoma, akapiga muhuri.

Basi na waandike watakaoandika, na watoto wa Pihtikoski wakariri, kwamba mashine ilimfungulia Taisto Rautapuro mlango wa pampu saa tano na dakika kumi na mbili. Kuingia, aliingia saa tano na dakika arobaini.